Selimundu: Hesabu Inayomhusu Mwalimu

Wapo wananchi, tena wenye elimu na vyeo, wanaodhani kwamba kazi ya kukokotoa kwa kompyuta jinsi molekuli zinavyoshikamana ndani ya chembe hai ni anasa ya mataifa yaliyokwisha shiba. Kwa maoni yao, mtaalamu anayekaa mbele ya mashine akihesabu mambo yasiyoonekana kwa jicho hana la kumwambia mwalimu wa Chamwino wala karani wa Kongwa. Dhana hiyo ina kosa, na kosa lenyewe laweza kuonyeshwa kwa ugonjwa mmoja tu, ambao wagonjwa wake wanakaa madarasani, wanaandikwa katika daftari la mahudhurio, na mara nyingi wanaadhibiwa kwa sababu ya kuugua kwao.

Ugonjwa huo ni selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Inakadiriwa kwamba nchini Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na kwa hesabu hiyo Tanzania imo miongoni mwa nchi chache za dunia zilizobeba mzigo mkubwa zaidi. Mtoto mwenye selimundu hupungukiwa damu, macho yake huwa ya manjano, na hushikwa na maumivu ya mifupa ambayo mtu mzima asingeweza kuyavumilia bila kulia. Wengine hupata kiharusi kabla hawajamaliza shule ya msingi. Mahali ambapo hakuna upimaji wala matunzo, inakadiriwa kuwa nusu au zaidi ya watoto hao hufariki kabla ya kutimiza miaka 5, na wazazi wao huambiwa ni malaria, ama ni mkono wa mtu.

Itasemwa kwamba uwanda wa kati si makao ya ugonjwa huu, na maneno hayo yana ukweli wake. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya akaona kwamba dalili ya selimundu ilikuwa imeenea pwani na kandokando ya ziwa, bali ilikuwa chache katika nyanda za juu zilizo katikati. Mwaka 1954, baada ya kupima maelfu ya watu wa Afrika Mashariki, alitoa sababu: mtu aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, kwa hiyo jeni hudumu kwa wingi pale mbu walipo wengi. Nchi kavu yenye mvua ya miezi michache haikuwa na haja kubwa ya kinga hiyo.

Lakini Dodoma ya leo si Dodoma ya 1954. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yawe hapo. Uamuzi huo ulikwenda polepole kwa zaidi ya miaka 40, hata ilipofika 2016 Serikali ikaanza kuhamia kwa kishindo, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Watumishi waliohamishwa hawakuja na majalada peke yake. Walikuja na watoto waliozaliwa na wazazi wa Mwanza, Mara, Tanga, Pwani na Kigoma. Mwalimu ambaye zamani angeweza kufundisha miaka mingi bila kumjua mtoto mwenye selimundu, sasa hana budi kumtarajia katika kila mkondo. Tena hata wenyeji wa uwanda hawakuwa salama kabisa wakati wowote. Jeni haina pasi ya kusafiria.

Basi ni nini hasa kinachotokea katika damu ya mtoto huyo? Ndani ya chembe nyekundu moja ya damu mna molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270, zimesongamana kama nafaka ndani ya gunia. Kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu inatofautiana na ya mtu mwingine, wakaita ugonjwa huu ugonjwa wa molekuli. Jina hilo halikuwa limepata kutumika kwa ugonjwa wowote kabla ya hapo. Miaka michache baadaye, Vernon Ingram aliyekuwa Cambridge aliitafuta tofauti yenyewe akaipata: katika mnyororo wenye pingili 146, pingili moja tu, ile ya 6, imebadilishwa. Pingili iliyopaswa kuyapenda maji imewekwa isiyoyapenda.

Mabadiliko hayo madogo huweka ubavuni mwa molekuli kitu kama gundi. Kila himoglobini ina minyororo miwili ya aina hiyo, na kwa hiyo ina mahali zaidi ya pamoja pa kushikia na pa kushikwa. Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Kitu chenye mkono mmoja huweza kushika mwenzake mmoja, yakaishia hapo. Kitu chenye mikono miwili, mitatu au minne hujenga mnyororo, kisha wavu, kisha nguzo. Oksijeni ikishaachwa mwilini, gundi hufunuka, na molekuli hujipanga kuwa nyuzi nene, kila uzi ukiwa umesokotwa kwa kamba 14. Nyuzi hizo huisukuma chembe kutoka ndani hata ikapinda kama mundu. Chembe iliyopinda ni ngumu. Inapofika katika mshipa mwembamba kuliko yenyewe hukwama, na nyuma yake hukwama nyingine, na sehemu ya mwili iliyokuwa ikingoja damu huanza kufa. Hayo ndiyo maumivu.

Maelezo hayo yamo katika vitabu vingi vya shule, nayo ni sahihi, lakini yanaacha swali moja kubwa bila jibu. Kama himoglobini ya mgonjwa hushikamana kila inapoachia oksijeni, na damu huachia oksijeni kila mzunguko, yaani karibu kila dakika, mbona mgonjwa hafi siku hiyo hiyo? Mbona yuko salama wiki tatu, akacheza na wenzake, kisha usiku mmoja akalia hadi alfajiri? Darubini haikuweza kujibu. Jibu lilitoka katika hesabu.

Mwaka 1974, James Hofrichter, Philip Ross na William Eaton, wakifanya kazi katika taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, walipima jinsi himoglobini hiyo inavyoganda, wakaona jambo la ajabu. Kwanza hapatokei lolote kabisa. Kimiminika hukaa kimya kwa muda fulani, halafu ghafla huganda chote. Mkulima wa mtama wa Bahi amekwisha ona jambo linalofanana na hilo kwa macho yake. Kwelea kwelea wawili watatu wakitua mtini huruka tena upesi, kwa maana wachache hawana amani. Bali wakikutana kwa wingi wa kutosha kwa wakati mmoja, kundi hukaa, na kila kundi lipitalo angani huliona likashuka, na baada ya muda mfupi shamba limekwisha. Molekuli nazo ni hivyo. Chache zikikutana hutengana. Ni pale zinapokutana kwa idadi fulani, kwa bahati, ndipo hupatikana mbegu isiyovunjika, na uzi huanza kurefuka. Kisha, kama Frank Ferrone, Hofrichter na Eaton walivyoeleza kwa ukamilifu mwaka 1985, ubavu wa uzi uliokwisha jengwa huwa wenyewe ni kitalu cha mbegu mpya. Ndiyo sababu ya ukimya mrefu na mlipuko wa ghafla.

Wataalamu hao waliandika kanuni, wakaikokotoa, na kilichotoka humo kinastahili kuandikwa ubaoni katika kila shule ya sekondari. Muda wa ukimya hutegemea ukolezi wa himoglobini ndani ya chembe, tena si kwa uwiano wa kawaida, wala wa mraba, wala wa mchemraba. Hutegemea kwa kipeo cha 15 hadi cha 30, kwa kadiri ya hali ilivyo. Ni nadra sana kukutana na kipeo kikubwa namna hiyo katika maumbile. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya hesabu yenyewe. Chukua 1.05, yaani ongezeko la asilimia 5 tu la ukolezi, uipandishe kwa kipeo cha 15: utapata karibu 2.1. Ipandishe kwa kipeo cha 30: utapata 4.3. Maana yake ni kwamba chembe ikipoteza maji kidogo hata ukolezi wake ukapanda kwa sehemu 5 katika 100, muda wa usalama hupungua hadi nusu, au hata chini ya robo. Ukolezi ukipanda kwa asilimia 10, muda hugawanywa kwa zaidi ya 4, au kwa zaidi ya 17.

Mwaka 1976 Eaton, Hofrichter na Ross walitoa hoja iliyofuata kutoka hapo, nayo ilithibitishwa kwa vipimo vya mwaka 1987. Mgonjwa huishi kwa sababu ya mashindano ya mbio. Chembe ikiacha oksijeni katika mshipa mwembamba, huwa na sekunde chache za kupita na kurudi mapafuni, ambako oksijeni itaziyeyusha mbegu zote. Muda wa ukimya ukiwa mrefu kuliko safari, chembe hupita salama, na chembe zilizo nyingi hupita. Muda ukifupishwa, au safari ikicheleweshwa, chembe hunaswa njiani. Kwa hiyo ugonjwa wote huu umening'inia kwenye tofauti ya sekunde, na sekunde hizo zimening'inia kwenye maji.

Mwalimu aliyefuata hesabu hiyo hadi hapa hahitaji tena kuhubiriwa. Dodoma hupata mvua kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki hewa ni kavu, na jua la saa saba mchana hukausha hata wino. Mtoto mwenye selimundu ana shida nyingine juu ya hiyo: figo zake, zilizokwisha jeruhiwa na ugonjwa huu huu, haziwezi kuhifadhi maji vizuri, hivyo hukojoa mara nyingi hata kama hakunywa. Katika shule ngapi za uwanda huu mtoto huruhusiwa kuwa na chupa ya maji juu ya dawati? Ni mara ngapi ameomba ruhusa ya kwenda chooni akaambiwa asubiri kengele? Katika bweni, mtoto anayekojoa kitandani akiwa na miaka 12 hufanywa kichekesho cha mstarini, ilhali hilo ni dalili inayojulikana ya ugonjwa wake. Kumnyima maji mtoto huyu ni kubadilisha tarakimu katika kanuni yenye kipeo cha 30.

Yako pia mambo ya baridi na mchakamchaka. Baridi hubana mishipa ya ngozi na kuchelewesha safari ya chembe. Kukimbia kupita kiasi huondoa maji na kumaliza oksijeni. Asubuhi za Juni na Julai upepo wa uwanda huu huwa mkali, na ndizo asubuhi ambazo wanafunzi husimamishwa mstarini wakiwa na shati jepesi. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa London uliona kwamba waliolazwa kwa maumivu waliongezeka siku za upepo mkali na hewa kavu. Ikiwa upepo na ukavu wa London, mji wa mvua na ukungu, vina athari hiyo, hali ya hewa ya Dodoma haiwezi kupuuzwa. Hakuna anayedai michezo ifutwe. Mtoto huyu acheze, apumzike anapochoka, avae sweta hata kama haimo katika sare, na asiitwe mvivu.

Itasemwa na mwalimu mwenye wanafunzi 80 katika chumba kimoja kwamba hana nafasi ya kumfuatilia mmoja, na kwamba maji yenyewe ni ya kununua. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini kinachotakiwa hapa hakihitaji fungu jipya wala semina ya siku tatu hotelini. Kinachotakiwa ni ruhusa, na ruhusa haina bei.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini dawa iliyopo inasaidia. Mtu aliyerithi jeni kwa mzazi mmoja ana himoglobini ya kawaida iliyochanganyika na ile yenye gundi. Mchanganyiko huo hupunguza ukolezi, muda wa ukimya hurefuka mno, naye huishi bila kuugua. Vivyo hivyo dawa ya haidroksiyurea huuamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya kichanga, ile aliyokuwa nayo mtoto tumboni mwa mama yake, ambayo haiingii katika ujenzi wa nyuzi. Hailazimiki kuiondoa himoglobini mbaya yote. Kwa kuwa kipeo ni kikubwa, upungufu mdogo hutosha kununua sekunde nyingi. Katika utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2019, watoto 606 walipewa dawa hiyo. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka, na malaria, ambayo wengi waliogopa ingezidi, ilipungua kwa karibu nusu. Dawa hii ni ya kumeza, si ya ajabu wala si mpya, na Marekani iliiidhinisha kwa wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 1998. Inahitaji kupima damu mara kwa mara, na hilo lawezekana katika hospitali ya wilaya. Mtoto wa Mpwapwa hana sababu ya kuikosa kwa kuwa tu amezaliwa mbali na Muhimbili, ambako wagonjwa wamekuwa wakifuatiliwa kwa utaratibu maalumu tangu 2004.

Haifai, hata hivyo, hesabu ikageuzwa kuwa mzimu wa kuabudiwa. Dawa nyingine, iitwayo voxelotor, ilibuniwa kwa mantiki hii hii ya kuchelewesha kuganda: iifanye himoglobini iing'ang'anie oksijeni zaidi, gundi isifunuke. Karatasini ilikuwa sahihi. Marekani iliiidhinisha mwaka 2019, na Septemba 2024 kampuni iliyoimiliki ikaiondoa sokoni duniani kote, baada ya takwimu kuonyesha vifo na mashambulio ya maumivu yasiyoelezeka miongoni mwa waliopewa. Himoglobini inayong'ang'ania oksijeni huikawiza pia kwa viungo vinavyoihitaji. Modeli huonyesha mahali pa kutafuta. Mgonjwa ndiye anayetoa hukumu.

Tena kuna tiba zinazong'oa mzizi. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni iitwayo Casgevy, ambayo bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mwaka huo huo Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapo hapo Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, uloto wa ndugu wa damu anayelingana na mgonjwa. Hilo ni jambo la fahari kwa taifa, na waliolifanya wanastahili sifa zote. Lakini mwenye akili timamu ataona kwamba watoto 11,000 wanaozaliwa kila mwaka hawawezi kupita katika vitanda vya wodi moja, na kwamba wengi hawana ndugu wa kulingana nao. Kwa miaka mingi ijayo walio wengi watategemea kupimwa mapema, dawa ya kumeza, kinga ya malaria, na watu wazima wanaoelewa.

Lipo jambo lingine linalowahusu hasa wale wa vyuo. Hospitali hiyo imo katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, ambacho hufundisha tiba na kompyuta juu ya vilima vile vile. Elimu ya jinsi molekuli zenye mikono mingi zinavyokusanyika imesonga mbele sana. Mwaka 2009 Anthony Hyman, Clifford Brangwynne na wenzao, wakiwa Dresden, Ujerumani, walionyesha kwamba vitu fulani ndani ya chembe hai ni matone, kama ya mafuta juu ya mchuzi, yanayojikusanya na kuyeyuka bila ngozi ya kuyazunguka. Mwaka 2012 kundi la Michael Rosen huko Marekani likatengeneza matone ya namna hiyo kwa protini zenye mikono mingi, likaonyesha kwamba idadi ya mikono ndiyo inayoamua lini yatatokea. Kazi kubwa ya sasa ni ya modeli za kompyuta. Kazi hii haihitaji mtambo wa thamani kama ule wa kuhariri jeni. Inahitaji umeme, mashine ya kawaida kwa kuanzia, na kijana aliyefundishwa hesabu vizuri na ambaye hakuambiwa kwamba biolojia ni somo la wanaoikimbia hesabu. Utengano huo wa masomo, ambao huanza kidato cha tatu kwa mwanafunzi kuchagua kundi lake kama anayechagua timu ya mpira, umeligharimu taifa wataalamu wengi.

Kwa upande wa watumishi wa umma, kazi iliyo karibu zaidi ni ya karatasi. Mtoto hupelekwa kliniki tangu wiki zake za mwanzo, na kadi yake hubebwa na mama hadi anapoandikishwa darasa la kwanza. Tone moja la damu ya kisigino latosha kujua aina ya himoglobini aliyozaliwa nayo. Mganga mkuu wa wilaya na afisa elimu wa wilaya, ambao ofisi zao mara nyingi zimetenganishwa na ukuta mmoja, wanaweza kukubaliana kwamba matokeo ya kipimo hicho yaandikwe katika kadi, na kwamba mwalimu anayeandikisha wanafunzi Januari aulize ukurasa huo kwa faragha kabla hajauliza ada ya mchango wa dawati.